Kucheza, Kuchezeshwa na Kuchezewa: Mamlaka na Ukinzani katika Picha za Wachezaji Wachanga wa Baleti

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi mamlaka na ukinzani vinavyojidhihirisha katika picha zilizochorwa za wasichana wadogo wachezao baleti, yaani ile dansi ya Ulaya yenye kanuni kali za miondoko, ambayo mchezaji wake hufunzwa tangu utotoni. Huenda msomaji akashangaa mada ya namna hii ina nafasi gani katika jarida la lugha za Kiafrika. Jibu langu ni kwamba swali lenyewe lilinifikia kwa Kiswahili, na lilinifikia Kiamaiko.

Kiamaiko, kwa wasiopafahamu, ni mtaa wa mashariki mwa Nairobi, jirani ya Huruma na Mathare. Mtaa huu unajulikana mjini kote kwa soko lake la mbuzi na kwa machinjio yake. Mbuzi huletwa kwa malori kutoka kaunti za kaskazini mwa Kenya, na sehemu kubwa ya biashara hiyo imo mikononi mwa watu wa huko, hasa Waborana. Mtoto wa Kiamaiko hukua akimwona mnunuzi anavyomzunguka mbuzi, akampapasa mgongo, akamwinua kidogo kukadiria uzito wake, kisha akageuka kupatana bei na dalali. Mbuzi mwenyewe haulizwi neno. Jambo hili dogo litatufaa baadaye.

Jumamosi moja nilialikwa katika shule moja ya mtaa huo kuwasaidia wanafunzi wa gredi ya sita katika zoezi la insha. Nilichukua nakala ya picha iitwayo Darasa la Dansi, iliyochorwa na Mfaransa Edgar Degas (1834–1917) katika miaka ya 1870, na ambayo sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Orsay mjini Paris. Katika picha hiyo kuna chumba kikubwa chenye sakafu ya mbao. Wasichana waliovaa sketi nyeupe za kupepea wametawanyika kando ya kuta. Katikati yao amesimama mzee aliyeegemea fimbo ndefu, naye anamtazama msichana mmoja anayejaribu kujiweka sawa mbele yake. Kwa nyuma wameketi akina mama. Mbele kabisa, kushoto, yuko msichana aliyekalia piano, amefumba macho, anajikuna mgongo.

Niliwaambia wanafunzi waniandikie wanachokiona. Kabla hawajashika kalamu, mvulana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huyu mzee mwenye fimbo ndiye dalali?" Darasa likaangua kicheko. Kicheko kilipotulia, msichana aliyeketi karibu na dirisha akauliza kwa sauti ya chini: "Na huyu anayejikuna, yeye hauzwi?"

Nimekuwa nikifundisha tahakiki kwa miaka kadhaa, na nakiri kwamba sikuwahi kuingia katika picha ile kwa mlango ule. Maswali hayo mawili, la kwanza kuhusu mwenye mamlaka na la pili kuhusu aliyejitoa katika mamlaka hayo, ndiyo msingi wa makala haya. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kina chombo chake cha kuzisomea picha za aina hii, na kwamba chombo hicho kimo ndani ya kitenzi tunachokitumia kila siku, yaani kitenzi "cheza".

2. Kitenzi "cheza" na kauli zake

Kiswahili hakikutenga neno la kucheza ngoma na neno la kucheza mpira au bao. Kitenzi ni kimoja. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa upungufu wa msamiati, lakini mimi naliona kuwa ni utajiri, kwa sababu kitenzi hicho kimoja kinaponyambuliwa hutuonyesha mara moja nani anatenda, nani anatendewa, na kwa manufaa ya nani. Wanaisimu wetu wameushughulikia sana mnyambuliko wa vitenzi kama suala la sarufi. Hapa nataka kuutumia kama chombo cha tahakiki.

Kwanza ni kauli ya kutenda: kucheza. Achezaye ndiye mwenye tendo. Methali yetu isemayo "Mcheza kwao hutuzwa" imejengwa juu ya kauli hii. Mchezaji yuko kwao, watazamaji ni jamaa zake, na tuzo anayopewa ni ya heshima.

Pili ni kauli ya kutendwa: kuchezwa. Katika mwambao, mwali aingiapo unyagoni "huchezwa". Wakubwa wake humchezea ngoma ili avuke kutoka hali moja ya maisha hadi nyingine. Hapa mwali yuko chini ya mamlaka ya kungwi, na mamlaka hayo huweza kuwa makali. Hata hivyo mwali ana analolipata. Hutoka na elimu na hadhi, na siku moja yeye mwenyewe huenda akawa kungwi.

Tatu ni kauli ya kutendesha na ya kutendeshwa: kuchezesha na kuchezeshwa. Refa huchezesha mpira. Yeye mwenyewe hachezi, lakini hakuna achezaye pasipo kipenga chake. Mwenye kuchezesha ana mamlaka yasiyomtoa jasho la mchezo.

Nne ni kauli ya kutendea na ya kutendewa, katika maana yake ya dharau: kumchezea mtu, na mtu kuchezewa. Anayechezewa amegeuzwa kitu. Mwili wake, hisia zake au riziki yake imekuwa kichezeo mkononi mwa mwenzake. Ndiyo maana watu wazima huonyana kwa neno moja tu: "Usinichezee."

Tano, na hili si kauli ya mnyambuliko bali ni ukanushi, kuna neno ambalo kila mtoto wa Afrika Mashariki amewahi kulitamka katikati ya uwanja, huku akiondoka: "Sichezi!" Mtoto husema hivyo anapoona mchezo umeharibika, sheria zimepindwa au mkubwa ameingilia. Hana nguvu ya kuubadilisha mchezo, lakini anayo nguvu ya kuuondolea mwili wake. Nadhani hakuna tamko la ukinzani lililo fupi na kamili kuliko hilo.

Tukiwa na kauli hizi mkononi, twaweza kuirudia picha na kuuliza juu ya kila mwili uliomo: Je, huyu anacheza, anachezwa, anachezeshwa, anachezewa, au ameshasema hachezi?

3. "Panya wadogo" wa Paris

Ili tuelewe picha za Degas hatuna budi kufahamu kwa ufupi mazingira yaliyozizaa. Wasichana aliowachora walikuwa wanafunzi na wachezaji wa ngazi za chini katika Jumba la Opera la Paris. Watu wa mji huo waliwaita kwa lakabu ya "panya wadogo". Wengi wao walitoka katika familia za wavujajasho, na mama zao walikuwa madobi, washonaji au wauza vitu vidogo vidogo. Mtoto alipoingia katika shule ya Opera aliingia kazini. Mafunzo yalikuwa ya siku nyingi na saa nyingi, na mishahara ya chini ilipandishwa kwa mitihani. Msichana aliyeshindwa mtihani alibaki alipo, na aliyekosa mazoezi alikatwa au kufukuzwa.

Waswahili husema "Ngoma ya watoto haikeshi". Kwa kawaida methali hii hutumiwa kuwabeza watoto kwamba shughuli yao haidumu. Lakini ukiigeuza, ina hekima nyingine ndani yake: ngoma iliyo ya watoto kweli huisha wanapochoka. Ngoma ya Paris ilikesha kwa sababu haikuwa ya watoto. Ilikuwa ya watu wazima waliokuwa na fedha.

Watu wazima hao ni akina nani? Wa kwanza ni walimu na wakuu wa jumba. Wa pili, na hawa ndio muhimu zaidi, ni matajiri waliolipia viti vyao kwa msimu mzima. Wanaume hawa walikuwa na haki ya kwenda nyuma ya jukwaa, na palikuwa na ukumbi maalumu ambamo waliweza kuonana na wachezaji kabla na baada ya onyesho. Jumba jipya la Opera lililofunguliwa mwezi wa Januari 1875, baada ya lile la zamani kuteketea kwa moto mwezi wa Oktoba 1873, lilijengewa hata mlango maalumu wa wenye viti hivyo. Basi utajiri ulikuwa na mlango wake, na mlango huo ulielekea kwa wasichana. Tajiri angeweza kumsaidia msichana apande cheo, na angeweza pia kumtaka alipe kwa njia ambayo haikuandikwa katika mkataba wowote.

Degas aliliona jambo hili na akalichora bila kulitolea hotuba. Katika picha yake iitwayo Nyota, aliyoichora kwa chaki za rangi baina ya 1876 na 1878, mchezaji mmoja amejitanda jukwaani kama ua lililochanua, mikono ameifungua, uso ameuinua. Mtazamaji asiye makini huishia hapo. Lakini nyuma, kati ya mapazia, amesimama mwanamume mwenye suti nyeusi. Uso wake umefichwa na pambo la jukwaa, kwa hiyo tunauona mwili usio na kichwa, ukingoja. Mchezaji ana uso lakini hana mamlaka, na yule mwanamume ana mamlaka lakini hana uso. Kwa istilahi tuliyoijenga, msichana anacheza mbele ya watazamaji, na papo hapo yumo hatarini kuchezewa nyuma ya pazia. Kauli mbili za kitenzi kimoja zimekutana katika fremu moja.

Sasa tuurudie mtaa wetu. Mvulana wa Kiamaiko aliyeuliza kama mzee mwenye fimbo ndiye dalali hakuwa akifanya mzaha tu. Mzee huyo ni Jules Perrot, aliyekuwa mchezaji na mtungaji mashuhuri wa baleti katika zama zake. Si mfanyabiashara wa wasichana, na haifai kumsingizia. Lakini mvulana aliusoma muundo wa picha kwa usahihi: mwenye fimbo katikati, wanaopimwa wakizunguka, mmoja ametolewa mbele ili akadiriwe, na walio na haki juu yao wameketi pembeni wakingoja matokeo. Mpangilio huo anauona sokoni kila siku. Alichokitambua ni kwamba mahali ambapo mwili unapimwa na mtu mmoja kwa niaba ya mnunuzi asiyeonekana, hapo pana soko, hata kama sakafu ni ya mbao na nguo ni nyeupe.

4. Mwili uliosema "Sichezi"

Lau picha za Degas zingekuwa za ukandamizaji tu, zingetosha kutuhuzunisha na tungezifunga. Kinachozifanya zidumu ni kitu kingine. Katika picha nyingi mno za mchoraji huyu wachezaji hawachezi. Wanafunga kanda za viatu, wanapiga miayo, wanapangusa shingo, wanasugua vifundo vya miguu vinavyouma, wamekaa juu ya mabenchi miguu wameitupa ovyo. Mathalani, katika picha iitwayo Kungoja, ya mwaka 1882 hivi, mchezaji ameinama ameshika kifundo cha mguu, na kando yake ameketi mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, ameshika mwavuli. Hakuna jukwaa wala muziki. Pana uchovu wa watu wawili walio benchi moja.

Wahakiki wengine wameyaeleza haya kuwa ni ufundi wa mchoraji aliyependa kuonyesha mambo yasiyopangwa. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Mamlaka ya baleti yako juu ya mwili wenyewe: mguu ugeuke hivi, kidevu kiinuke hivi, mgongo unyooke, maumivu yasionekane. Katika mfumo wa namna hiyo, kujikuna mgongo mbele ya mwalimu ni jambo lenye maana. Kwa nukta chache mwili umejirudisha kwa mwenyewe. Msichana aliyekalia piano hakupinga sheria yoyote, wala hakutamka neno. Lakini macho yake yamefumbwa, maana yake hamtazami mwalimu, na mkono wake unafanya kazi ambayo hakuna aliyemwamuru aifanye. Ndiye ambaye yule msichana wa Kiamaiko alimuulizia: "Yeye hauzwi?" Nilipomtaka afafanue, alisema, "Hawa wengine wanangoja. Yeye amesahau kama kuna mtu anamwangalia."

Hapa yafaa tujihadhari na kosa moja. Katika tahakiki zetu tumezoea kuutafuta ukinzani katika sura ya maandamano, mgomo na ngumi iliyoinuliwa. Ukinzani wa aina hiyo upo na una historia yake tukufu. Lakini mtoto wa miaka 13 ambaye mshahara wake unalisha nyumba hawezi kugoma kwa urahisi. Ukinzani wake hujificha katika uzembe mdogo, katika kuchelewa, katika kutupa mgongo, katika kupiga mwayo. Asiyeutambua ukinzani huo ataandika kwamba wanyonge walikubali. Na anayeukuza kupita kiasi atasahau kwamba, baada ya mwayo, msichana huyo alirudi kusimama mbele ya fimbo.

5. Sanamu ya Marie

Mfano ulio wazi zaidi wa mvutano huu si picha bali ni sanamu. Mwaka 1881, katika onyesho la sita la kundi la wachoraji waliojulikana kama Waimpresioni, Degas alionyesha sanamu ya nta aliyoiita Mchezaji Mdogo wa Miaka Kumi na Minne. Urefu wake haukufika mita moja. Aliivika sketi ya kitambaa, viatu vya kuchezea na nywele zilizofungwa kwa utepe, kisha akaiweka ndani ya sanduku la kioo.

Aliyechongwa alikuwa Marie van Goethem, aliyezaliwa Paris mwaka 1865 na wazazi waliotoka Ubelgiji. Mama yake alikuwa dobi. Marie aliingia shule ya Opera akiwa na miaka kama 13, na mwaka 1880 alipanda akawa mchezaji wa kundi. Sanamu yamwonyesha akiwa amesimama, mguu mmoja mbele, mikono ameikutanisha nyuma, kidevu kimeinuka, macho yamefumbika nusu. Baadhi ya wahakiki wa wakati ule waliitazama wakashtuka. Walisema uso wake ni wa mnyama na kwamba una dalili za uovu. Yaani mtoto wa dobi aliinua kidevu, na wenye nafasi zao wakaona jinai.

Mwaka 1882 Marie aliachishwa kazi kwa kukosa kuhudhuria mazoezi, na baada ya hapo kumbukumbu hazimsemi tena. Mdogo wake, Louise-Joséphine, alibaki, akawa mchezaji na baadaye mwalimu wa Opera ile ile. Dada hawa wawili walitoka tumbo moja na mlango mmoja wa umaskini. Mmoja alitoka katika mchezo, mwingine aliumudu. Haitupasi kumwita wa kwanza shujaa na wa pili msaliti. Maisha ya Louise-Joséphine yatukumbusha kwamba wasichana wale hawakuwa mbuzi wa sokoni. Miongoni mwao walikuwamo waliotaka kucheza, waliopenda kucheza, na walioigeuza baleti kuwa elimu na riziki, kama vile mwali anayechezwa akaja kuwa kungwi.

Niliwahi kusimama mbele ya nakala ya shaba ya sanamu hiyo mjini London, nilipokuwa masomoni. Wakati ule niliona kidevu tu, nikaandika daftarini kwamba huo ni ujeuri wa tabaka la chini dhidi ya tabaka la juu. Leo naona niliharakisha. Kidevu kile huenda kilikuwa cha Marie, lakini huenda pia kilikuwa cha Degas, aliyemwambia akiinue. Kusimama mbele ya mchongaji kwa saa nyingi ni kazi nyingine ya kuchezeshwa. Tena, chumba cha zamani cha mazoezi ambacho Degas aliendelea kukichora kilikuwa tayari kimeteketea kwa moto wa 1873, na Perrot alikuwa amekwisha kustaafu. Alivipanga vitu hivyo kwa kumbukumbu na kwa ubunifu. Basi msanii naye ni mwenye fimbo. Yeye huonyesha mamlaka ya wengine huku akiwa na mamlaka yake mwenyewe, na mhakiki asiyelitaja hilo amesoma nusu ya picha.

6. Kwetu: mcheza na aliye kwao

Swali linalofuata ni kama yapo mazingira ambamo mchezaji wa kike mwenyewe ameishika fimbo. Historia ya mwambao yatupa jibu. Margaret Strobel, katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1979, ameeleza jinsi vyama vya lelemama vilivyowapa wanawake uongozi, vyeo na uwanja wa kushindana. Wanawake walijichangia, wakajipangia, wakachezeana wenyewe kwa wenyewe. Wakubwa wa dini na baadhi ya wanaume walizipinga ngoma hizo, na hiyo yenyewe ni dalili kwamba palikuwa na nguvu iliyohofiwa. Methali ya "Mcheza kwao hutuzwa" ilitimia humo, kwa kuwa mtazamaji na mchezaji waliweza kubadilishana nafasi.

Katika uchoraji wa leo wa Afrika Mashariki twaona njia mbili. Njia ya kwanza ni ya Michael Soi wa Nairobi, ambaye kwa miaka mingi amechora vilabu vya usiku vya mji huo, wachezaji wa kike na wanaume wanene wa mfuko wanaowatazama. Tofauti na Degas, Soi hamfichi mnunuzi nyuma ya pazia. Humweka mbele, na kumfanya achekwe. Njia ya pili ni ya Sungi Mlengeya, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1991, aliyeiacha kazi ya benki mwaka 2018 ili achore. Mlengeya huchora wanawake Weusi juu ya uwanja mweupe mtupu, wakati mwingine wakiwa katika miondoko ya kucheza. Maonyesho yake ya mwaka 2022 mjini London yalibeba jina lililogusa moja kwa moja suala la miondoko iliyopangwa na isiyopangwa. Katika picha zake hakuna mzee mwenye fimbo, hakuna pazia, hakuna kiti cha tajiri. Mchoraji amefuta soko zima, akabakiza mwili unaocheza. Soi anamfichua mwenye mamlaka, Mlengeya anamnyima nafasi. Njia zote mbili ni ukinzani, lakini wa pili ni wa ndani zaidi, kwani unamruhusu mchezaji asiwe jibu kwa mtu yeyote.

7. Jicho ni la nani?

Mada hii isingekuwa na uzito kama ingeishia Paris na katika kumbi za maonyesho. Baleti imefika Nairobi, na si katika mitaa ya matajiri tu. Huko Kibera watoto wamefunzwa na Mike Wamaya katika vyumba vya madarasa ambamo madawati huondolewa kwanza ili pawe na nafasi. Joel Kioko, kijana wa Kuwinda, mtaa duni ulio kando ya Karen, alienda kusomea baleti katika shule ya English National Ballet mjini London mwaka 2017. Habari hizi ni za kufurahisha, na hakuna sababu ya kuzibeza kwa hoja kwamba dansi hiyo si yetu. Mtoto hawezi kuombwa hati ya uzawa wa kila anachokipenda.

Lakini pamoja na habari zilienda picha, na picha hizo zilienea duniani: msichana aliyenyoosha mguu juu ya sakafu ya saruji, mabati kwa nyuma, mwanga ukiingia dirishani. Ni picha nzuri. Hata hivyo uzuri wake unategemea sana tofauti kati ya mguu na mabati. Swali letu la kisarufi ladumu pale pale. Je, katika picha hiyo msichana anacheza, au umaskini wake unachezeshwa ili mtazamaji wa mbali aguswe? Mara nyingi majibu yote mawili ni ya kweli kwa pamoja, kama ilivyokuwa katika Nyota. Na anayelipia kiti cha msimu siku hizi hahitaji mlango wa nyuma, maana picha humfuata alipo.

Nilidhani nimelielewa jambo hili mpaka lilipogeuka upande wangu. Jumamosi ile ile, wanafunzi walipoinamia nakala ya Degas wakibishana kama akina mama walioketi nyuma wanaona haya au wanaona fahari, nilitoa simu yangu ili niwapige picha. Niliona ingefaa kuchapishwa pamoja na makala. Yule msichana wa dirishani aliinua daftari akaufunika uso wake. Kisha akauliza, si kwa ukali: "Mwalimu, utaipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu lililokuwa tayari. Nilikuwa nimewaeleza kwa nusu saa juu ya mwanamume aliyesimama kati ya mapazia bila uso, na kumbe nilikuwa nimesimama mahali pake. Nilijikaza nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka kuiweka katika jarida la chuo kikuu. Aliwaza kidogo, akasema, "Basi andika tulichosema." Nikairudisha simu mfukoni.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba picha za wachezaji wachanga wa baleti hubeba mapambano matatu kwa pamoja: la mchezaji na mwenye jumba, la mchezaji na mnunuzi, na la mchezaji na msanii anayemtazama. Nimeonyesha pia kwamba ukinzani katika picha hizo haupatikani zaidi pale mchezaji anapochanua jukwaani, bali pale mwili unapojisahau, unapochoka, unapotupa mgongo. Kitenzi cha Kiswahili na kauli zake vimetuwezesha kuyapambanua haya bila kuazima istilahi nzito za kigeni, na nadhani ipo kazi kubwa inayowangoja wanaisimu na wahakiki wetu katika kuzitumia kauli za vitenzi kama vyombo vya kusomea sanaa, si za maandishi tu.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wasomi. Sisi nasi huwazunguka watu, tukawapima, tukaondoka na data zetu. Mtafiti anayeingia Kiamaiko au kwingineko ajiulize kwanza yuko katika kauli ipi, na akiulizwa anakipeleka wapi anachokichukua, awe na la kujibu. Picha niliyotaka kuipiga siku ile haimo humu. Walichosema wanafunzi wale kimo.